Mwito Alioupeleka Mwenyewe

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa karani wa ofisi ya malalamiko katika mtaa mmoja wa Likasi. Sitaitaja ofisi yenyewe. Haipo tena, na jengo lake siku hizi ni duka la sementi. Watu waliniita papa sekretere. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa mapadri, nilikuwa na mwandiko mzuri, na niliupenda mwandiko huo kuliko ilivyofaa.

Nataka kuandika habari za mama mmoja na karatasi tatu. Karatasi zote tatu nilizipiga chapa mimi. Mbili za kwanza alizipeleka yeye. Ya tatu niliipeleka mimi, lakini wakati huo ilikuwa imeshachelewa.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambapo kila kitu kiliendelea kuwa na jina lake la zamani bila kufanya kazi yake. Kiwanda kilikuwa bado kiwanda, ila moshi wake ulionekana siku mbili na kutoweka wiki nzima. Miti mikubwa ya barabarani, iliyokuwa ikitoa maua ya zambarau kila mwaka, watu waliikata usawa wa magoti wakachoma makaa. Majirani wetu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa mkoani, walikuwa wamekwisha kuondoka kwa treni, baada ya kulala stesheni kwa miezi, na inspekta wetu wa kwanza aliondoka pamoja nao. Alikuwa mtu mkali, aliyejua sheria. Aliyeletwa baada yake alikuwa kijana kutoka mbali, akifika saa nne na kuondoka saa sita. Kwa hiyo ofisi ilibaki ni mimi, mashine moja ya kupigia chapa, muhuri, na rejista kubwa yenye jalada jeusi. Mshahara haukuja. Nilikwenda kila siku hata hivyo, nikaitunza rejista ile. Hakukuwa na mstari uliorukwa. Nilijiambia kwamba mji ukisimama tena, watakuta angalau kitu kimoja kiko sawa.

Sasa nieleze jinsi tulivyofanya kazi, maana kosa lote limo humo.

Mtu akishitakiwa, aliitwa kwa karatasi ya mwito, ile tuliyoiita konvokasyo. Asipokuja, aliitwa mara ya pili, kisha mara ya tatu. Baada ya mwito wa tatu, inspekta aliweza kutuma askari wamlete kwa nguvu. Chini ya kila karatasi kulikuwa na kipande cha kukata, chenye mstari wa vidoti, na hapo anayeitwa alitakiwa kutia mkono wake, yaani sahihi, kuonyesha kwamba amepokea. Kipande hicho kilirudi kwangu, nami nikakiandika katika rejista. Bila kipande, ilikuwa kama mwito haukutoka.

Zamani aliyepeleka karatasi hizo alikuwa askari mwenye baiskeli ya serikali. Baiskeli zikaisha moja moja, na askari wakaanza kushinda mashambani wakitafutia watoto wao chakula. Hapo ndipo mlalamikaji akawa ndiye anayepeleka. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Ilianza na kesi za mbuzi na mipaka ya viwanja. Mwenye mbuzi alimpelekea jirani yake karatasi, wakatukanana kidogo, akarudi na kipande. Ilikwenda vizuri. Ikawa desturi ya ofisi, ikashika kesi zote, na mimi sikuona tofauti. Karatasi ni karatasi, nilifikiri.

Yule mama alikuja asubuhi moja ya msimu wa baridi, wakati watu walikaa kwenye benchi letu wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Nilimfahamu. Alikuwa mshonaji, na mavazi ya kwaya ya parokia yetu yalitoka mikononi mwake. Nyumba yake na mume wake ilikuwa ya nne kutoka kwetu. Mume alikuwa fundi umeme wa kiwandani, mtu wa mizaha, aliyependwa. Transfoma ya mtaa ilipoungua, ni yeye aliyetuvutia waya kutoka laini nyingine, nyumba sita za upande wetu, na yetu ikiwa ya kwanza. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa unaingia kwangu kwa mkono wa mtu huyo. Mke wangu alipikia resho, lile jiko dogo la umeme, wakati wanawake wengine walikuwa wanatafuta makaa. Ninaliweka jambo hili hapa mapema ili isije ikaonekana nililificha.

Alisema yale aliyokuja kusema mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi, kwa sababu ofisi ilikuwa chumba kimoja. Inspekta alikuwapo siku ile. Mama alisema mume wake anampiga, kwamba ilianza kazi zilipopungua kiwandani lakini haikuwa kwa sababu hiyo, na kwamba alikuwa amekimbilia kwa dada yake mkubwa, upande wa Kamatanda, akawaacha watoto wake wawili kwa kuwa mume alifunga mlango. Inspekta alimuuliza alimkosea nini mume wake. Akajibu kwamba hajui. Inspekta akamuuliza tena swali lile lile, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka.

Kisha akaeleza jambo la pili, kwa sauti ndogo. Kwamba mume akishampiga humchukua kwa nguvu, hata siku anazotoka damu, hata akilia. Watu wa benchi waliangalia sakafu. Inspekta aliweka kalamu yake mezani.

“Mama, ile iko mambo ya ndoa,” alisema. “Ile hatuandike.”

Mimi nilikuwa ninaandika. Nilikuwa nimefika katikati ya neno. Niliinua kalamu, nikalikata neno kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaendelea na sentensi iliyofuata. Katika maelezo yake, yaliyobaki ni kipigo peke yake.

Alipoulizwa anataka nini, hakutaka mume afungwe. Hilo nalikumbuka vizuri.

“Nataka aitwe tu,” alisema. “Aikale pale, mbele ya bantu, aulizwe. Na batoto banipatie.”

Ni hayo tu aliyoyaomba serikalini. Nikapiga chapa mwito wa kwanza, nikautia muhuri, nikampa. Nikamweleza kuhusu kipande cha chini.

Aliishika ile karatasi bila kuikunja. “Minye mwenyewe njo nimupelekee?”

“Njo vile tunafanya, mama.”

“Papa sekretere, minye nilimukimbia. Sasa munanituma kwake.”

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, si kwa ubaya. Nilimwambia asiingie ndani ya nyumba, asimame mlangoni, ampe karatasi, achukue kipande, aondoke. Nilimshauri jinsi unavyomshauri mtu abebe mwavuli. Akaondoka.

Alirudi kesho yake na karatasi nzima. Mume alikuwa ameisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, akasifu mashine yetu, akamrudishia bila kutia mkono. Alimwambia yeye hawezi kutia mkono kwa kitu kilicholetwa na mwanamke. Nilimwonyesha mama mahali pa kipande, palipokuwa patupu, nikamwambia kwamba hivyo haihesabiki. Itabidi aende tena na karatasi ile ile. Sikumwambia kwa ukali. Nadhani hata nilimwonea huruma, lakini ilikuwa huruma isiyofanya kitu.

Mara hiyo alikwenda na dada yake, siku ya Jumapili baada ya misa, wakati watu walikuwa wengi barabarani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama kwenye ua wangu. Niliona yote. Mume alitoka na shati lake la kanisani, akachukua karatasi, akaiinua juu ili majirani waione.

“Angalieni,” alisema. “Bibi yangu amekuwa fakteri. Bengine banangojea barua posta miaka mingi, minye barua yangu inakuya na miguu, na inavaa kitambaa.”

Watu walicheka. Alikuwa na kipaji hicho. Akaomba kalamu kwa mtu, akatia mkono akiwa ameegemeza karatasi kwenye mgongo wa rafiki yake, akampa mke wake kipande kwa mikono miwili, akiinama kama anayempa askofu. Kisha akanitazama mimi, kuvuka nyua tatu.

“Jirani, lampe yako inawaka muzuri?”

Nikamjibu kwamba inawaka. Nikaingia ndani.

Siku aliyoitwa hakuja. Mama alikuja, akakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka tulipofunga. Nikaandika kwamba mwitwa hakufika. Nikapiga chapa mwito wa pili.

Mchana wa siku hiyo mke wangu aliniuliza habari hiyo wakati wa chakula. Alikuwa amesikia kwa dada wa mama yule, kanisani, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinitilia sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sahani, akakaa.

“Weye unapita pale kila asubuhi na velo,” alisema.

Ilikuwa kweli. Njia yangu ya kwenda ofisini ilipita mbele ya mlango ule. Ningeweza kumpa mume ile karatasi bila kushuka kwenye baiskeli. Nilimjibu mke wangu kwamba nikianza kupeleka moja, kesho nitapelekewa zote, na mimi ni karani, si askari. Nilimweleza kwa maneno mengi na mazuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoa sahani yangu ingawa nilikuwa sijamaliza.

Nilichokuwa ninaogopa ni kitu kidogo sana. Niliogopa dakika moja ya kusimama mlangoni kwa jirani, nikiwa na karatasi mkononi, na jirani akanitazama. Niliogopa kwamba waya ungeanguka kwa bahati mbaya. Nimejaribu miaka mingi kutafuta sababu kubwa zaidi, ya woga wa jeshi au ya siasa za wakati ule, na sijaipata.

Mwito wa pili ulichukua siku nne kurudi. Dada yake hakuweza kwenda naye, alikuwa na malaria. Mama alikwenda peke yake Alhamisi mchana, na ofisini alikuja Jumatatu asubuhi. Inspekta alikuwa hajafika. Benchi lilikuwa na mzee mmoja mwenye kesi ya kiwanja, amelala.

Alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa chini sana, mpaka kwenye nyusi. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya kitenge na hakuutoa. Alikuwa ananuka majani ya mkalitusi, yale ambayo watu huyachemsha wakayaweka mahali palipovimba. Alipofungua mdomo niliona jino halipo. Kwa mkono wa kulia aliweka kipande mezani, akakisukuma kwa kidole mpaka kikafika kwangu.

“Ametia mukono,” alisema. “Angalia kama iko muzuri.”

Nikaangalia. Nilifungua faili, nikatoa kipande cha kwanza, nikaviweka sambamba. Sahihi zilifanana. Ilikuwa sahihi kubwa, wazi, yenye mstari chini yake. Nikapiga muhuri. Nikafungua rejista, nikaandika tarehe ya kupokelewa, nikasubiri wino ukauke.

“Iko muzuri,” nilimwambia.

“Alisema kalamu iko mu nyumba,” alisema. “Nilingojea inje. Akasema, kama unataka mukono wangu, ingia uitafute kalamu. Njo nikaingia.”

Niliendelea kuupulizia wino.

“Nilitoka siku ya Posho.”

Posho ni Jumamosi. Ndivyo wengi kwetu wanavyoiita tangu siku za kupokea chakula cha kazi. Alikuwa ameingia Alhamisi. Nilihesabu, na najua kwamba nilihesabu, kwa sababu nilifikiri: basi tarehe niliyoiandika katika rejista si sahihi, kipande kilitiwa mkono Alhamisi na mimi nimeandika Jumatatu. Nilikuwa ninafikiri kuhusu tarehe.

Nilipaswa kumfungulia maelezo mapya. Ilikuwa kesi nyingine, nzito kuliko ya kwanza, na hata inspekta yule wa saa mbili kwa siku angelazimika kuisoma. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba wakati ule ofisi haikuwa na karatasi, kwamba walalamikaji walikuja na kurasa za madaftari ya watoto wao. Ilikuwa kweli kwa siku nyingi. Siku ile nilikuwa na karatasi. Zilikuwa kwenye mtoto wa meza, upande wa kulia, nane au tisa.

Nilitoa moja, nikapiga chapa mwito wa tatu.

“Huu njo wa mwisho,” nilimwambia. “Akikataa huu, inspekta anaweza kutuma askari.” Nilisema kwa furaha kidogo, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mwisho wa kilima.

Hakuuchukua. Aliutazama ukiwa mezani.

“Huu peleka weye.”

Nikamwambia kwamba si kazi yangu, ni mlalamikaji anayepeleka.

“Weye unapita pale.”

Nikamwambia kwamba ndiyo, ninapita, lakini ofisi ina sheria yake.

“Ile sheria iliandikwa wapi?” aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Nadhani alitaka kujua.

Nikafungua rejista, nikageuza kurasa mbili tatu, kama vile ningeiona humo. Haikuandikwa popote. Sheria iliyoandikwa ilisema askari. Na mimi nililijua hilo, kwa sababu ni mimi niliyekuwa na kitabu. Nikaendelea kugeuza kurasa mpaka akasimama.

Alimpita yule mzee aliyelala, akatoka. Mwito ukabaki mezani. Nikauweka kwenye mtoto wa meza.

Wiki tatu nilipita mbele ya mlango ule kwa baiskeli, nikienda na nikirudi. Mara nyingine mume alikuwa nje anapiga mswaki, tukasalimiana. Karatasi ilikaa pale pale. Kilichonisumbua, na naona aibu kuandika hili, ni rejista. Katika safu ya mwito wa tatu kulikuwa na nafasi tupu, na kila nilipofungua ukurasa ule jicho langu lilianguka hapo.

Kisha mke wangu akaniambia kwamba mama yule amerudi kwake. Mtoto mdogo alikuwa na homa, watu walimpelekea habari Kamatanda, na yeye akaja kumwangalia, akabaki. Alisema hivyo akiwa ananipa kisogo. Nilihisi kitu kama nafuu. Nikafikiri, nikiwa mtu mzima mwenye shule, kwamba sasa angalau ninaweza kuumaliza ukurasa.

Jumamosi iliyofuata, saa nne za asubuhi, nilitoa mwito wa tatu, nikauweka mfukoni, nikatembea nyumba nne. Ni hatua sitini. Sikuhitaji hata baiskeli.

Mama alikuwa barazani na cherehani yake, anashona. Mkono wa kushoto ulikuwa umepona lakini ulikaa vibaya kwenye kiwiko, na alisukuma kitambaa kwa kiganja badala ya vidole. Mume hakuwapo, alikuwa kiwandani. Nikamsalimu, akaniitikia. Nikatoa karatasi. Sijui nilitarajia nini. Labda kwamba angeichukua amwekee mume wake.

Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea taratibu. Akaisoma mpaka kwenye muhuri.

“Kalamu iko?” aliuliza.

Nikampa yangu.

Akaiweka karatasi juu ya meza ya cherehani, akatia mkono wake mwenyewe, mahali pa anayeitwa. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, jinsi alivyofundishwa na masista. Kisha akachukua mkasi wake mkubwa wa vitambaa, akakata kipande kwa kufuata mstari wa vidoti, bila kuyumba hata kidogo. Katika miaka yangu yote sijaona kipande kilichokatwa vizuri kama kile. Akanipa kipande pamoja na kalamu, na karatasi iliyobaki akaiweka chini ya kitambaa alichokuwa anashona.

“Njo hivi?” aliuliza.

“Njo hivi, mama.”

“Pita muzuri, papa sekretere.”

Akarudi kwenye cherehani. Nilisikia ikianza kabla sijafika barabarani.

Jumatatu niliweka kipande mbele ya inspekta. Hakuona sahihi ni ya nani, na mimi sikumwambia. Aliuliza mlalamikaji yuko wapi. Nikamjibu kwamba amerudi kwa mume wake. Akasema basi, andika. Nikaandika kwa Kifaransa, lugha ya faili zetu, kwamba mume na mke wamepatana nyumbani na kwamba faili limefungwa. Ni mstari mmoja. Ulikaa vizuri ndani ya safu yake, haukugusa pembeni. Inspekta alitia mkono, nami nikatia muhuri. Ukurasa ukawa umejaa.

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilikuja na upepo, na waya wetu ukakatika. Mume wa yule mama alikuja kuutengeneza bila kuitwa, Jumapili mchana, na ngazi yake begani. Nilimshikia ngazi. Mke wangu alikuwa mlangoni pa jikoni. Yule bwana alifanya kazi huko juu akizungumza habari za mpira, na alipokuwa anakaza waya akacheka peke yake.

“Jirani, ile karatasi yako ya tatu bibi alinionyesha,” alisema. “Iko na muandiko muzuri sana. Hauna hata kosa moja.”

Nilikuwa nimeishika ngazi kwa mikono miwili. Nikaendelea kuishika. Aliposhuka nilimshukuru, akanipiga begani, akaenda.

Umeme ulirudi saa ile ile. Mke wangu aliingia jikoni, akaondoa sufuria ya maharage juu ya resho, akalichomoa resho ukutani. Alitoa nje mbabula yetu ya zamani, jiko la makaa lililokuwa limejaa kutu nyuma ya nyumba, akaanza kulisugua kwa mchanga. Aliniuliza swali moja tu, bila kuinua kichwa.

“Ile ya tatu ulimupa nani?”

Nadhani alikuwa anajua. Tangu siku ile mpaka alipofariki, miaka kumi na saba, alipikia makaa. Alikwenda kuyatafuta mbali, akarudi na gunia kichwani, na umeme ulikuwa ndani. Watoto wetu walimuuliza, akasema chakula cha resho hakina ladha. Sikumkataza. Usiku nilisoma kwa mwanga wa taa ya yule bwana, na macho yangu yaliona vizuri.

Mambo mengine yalikwenda yalivyokwenda. Kiwanda kilimwacha mume, akaenda Kamatanda kuchimba mashimo ya madini pamoja na wengine, akawa anarudi siku za Mungu tu, yaani Jumapili. Siku alizorudi tulisikia. Mtaa mzima ulisikia. Hakuna aliyekwenda ofisini tena kwa ajili ya nyumba ile, na ofisi yenyewe ilifungwa bila tangazo. Asubuhi moja nilikuta mlango umeng’olewa na benchi limechukuliwa kwa kuni. Rejista nilikuwa nimeibeba nyumbani. Bado ninayo. Panya wamekula pembe moja, ukurasa ule haujaguswa.

Mume alifia Kamatanda, kwa ugonjwa wa kawaida, na mama akabaki na cherehani yake. Aliniamkia kila asubuhi. Nilimwamkia.

Mke wangu alipofariki, ni yule mama aliyeshona nguo ya kumzikia. Hakuna aliyemwomba. Alituma mtu kuniambia nije niichukue, na nikaenda zile hatua sitini mimi mwenyewe, kabla ya jua kuwa kali. Alikuwa anamalizia pindo, pini zikiwa mdomoni. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nikaanza kusema. Nilimweleza kwamba ni askari aliyetakiwa kupeleka, si yeye, na kwamba nilikuwa na kitabu. Nilimweleza kuhusu neno nililolikata, kuhusu karatasi nane au tisa, kuhusu waya. Nilimwambia kwamba ningeweza kumpa mume wake mwito wa kwanza bila kushuka kwenye baiskeli, na kwamba sikumpa. Nilisema ninaomba msamaha. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno hayo kwa miaka, na yalitoka yote, kwa utaratibu.

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto.

“Najua, papa sekretere,” alisema. “Nilikuwa pale.”

Hakusema kwamba amenisamehe, na hakusema kwamba hakunisamehe. Alikata uzi kwa mkasi ule ule mkubwa, akaikunja nguo mara nne, akaifunga ndani ya gazeti ili isishike vumbi. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikarudi. Uani kwetu wanawake wa shirika la parokia walikuwa wanapikia watu wa matanga, wameizunguka mbabula ya mke wangu, na mmoja aliniuliza kwa nini hawatumii umeme, maana upo. Nikamwambia mwenye mbabula hakuutaka.